Majirani Ndio wa Kwanza: Mafunzo ya Kuzima Moto kwa Watu wa Isiolo

(Maneno ya mazungumzo kwa watu wa mjini na wa malishoni)



Moto unaposhika nyumba katika mji wa Isiolo, wa kwanza kuuona si askari wa zimamoto. Ni mama auzaye chai kando ya njia, au mtoto atokaye shuleni, au kijana wa bodaboda angojaye abiria kivulini. Hata gari la zimamoto likitoka mara liitwapo, hapana budi lipite katika vichochoro, lipishane na mikokoteni ya punda, liulize njia. Na nyumba ya mbao na mabati haingoji. Na hayo ni ya mjini. Kaunti ya Isiolo ina eneo la zaidi ya kilometa za mraba 25,000, na katika hesabu ya mwaka 2019 watu wake walikuwa 268,002 tu, waliotawanyika mpaka Merti, Garba Tula, Kinna na Oldonyiro. Gari likiondoka mjini kwenda huko, mwendo ni wa saa kadhaa, nalo litakuta majivu.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 iliweka kazi ya kuzima moto mikononi mwa serikali za kaunti. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini hapana katiba iwezayo kufupisha njia ya kwenda Merti. Kwa hiyo jirani wa mtu wa Isiolo ni askari wa zimamoto, apende asipende. Lililobaki ni kama amefundishwa au hakufundishwa.

Watu wengi hudhani kwamba moyo mwema watosha. Lakini yafaa kukumbuka yaliyotokea katika mji wa Mexico City tarehe 19 Septemba 1985, ulipotikiswa na tetemeko kubwa la ardhi. Watu wa kawaida, bila kuamriwa na mtu, waliingia katika majumba yaliyobomoka, wakafukua kwa mikono yao, na yasemekana waliokoa watu zaidi ya 800. Lakini katika waokoaji hao wenyewe walikufa zaidi ya 100, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amewafundisha pa kuingia na pa kukaa mbali. Mwaka ule ule idara ya zimamoto ya mji wa Los Angeles, huko Marekani, ilianza mpango wa kuwafundisha raia wa mitaani kuzima moto mdogo, kuwatunza waliojeruhiwa na kuwatafuta walionaswa, na mpango huo umeenea katika nchi nyingine.

Hapa Afrika Mashariki ipo mifano ya uchungu zaidi. Tarehe 31 Januari 2009, huko Sachangwan karibu na Molo, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaja na madebe kuteka petroli, na moto ukawakuta hapo hapo. Tarehe 10 Agosti 2019 yakatokea hayo hayo huko Msamvu, katika mji wa Morogoro, nchini Tanzania. Kila mahali walikufa watu zaidi ya 100. Asiyepata kulala na njaa asifanye haraka kuwalaumu, maana debe la petroli ni chakula cha siku nyingi. Lakini kama kungalikuwa na watu kumi tu katika umati ule waliojua tabia ya petroli, wakapiga kelele na kuwarudisha wenzao nyuma, huenda wengi wangaliokoka. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini kama maji yasiyoonekana, nao waweza kukutana na sigara au injini iliyo mbali kabisa na lori lenyewe. Barabara kuu ya kwenda Marsabit na Moyale hupita Isiolo, na malori ya mafuta huipita mchana na usiku. Basi kwa mtu wa Isiolo somo la kwanza la kuzima moto ni kujua moto usiozimwa naye: akimbie, aende upande utokako upepo, awafukuze watoto, azuie magari, kisha apige simu 999 au 112 na kueleza mahali kwa jina la msikiti, shule au duka lijulikanalo.

Mafunzo yenyewe, kama yatolewavyo na askari wa zimamoto au na Chama cha Msalaba Mwekundu cha Kenya, hayamtaki mtu awe amesoma sana. Mwalimu huanza kwa kueleza kwamba moto hauishi ila kwa vitu vitatu, yaani kitu cha kuungua, hewa na joto. Ukikosa kimoja, hufa. Mtu aliyelifahamu neno hili vizuri aweza kuyakisia mengine yote, hata akisahau alichoambiwa.

Tuseme mama akaanga sambusa, na mafuta katika karai yakashika moto. Mkono wa kila mtu hukimbilia maji, na hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote ya jikoni. Maji ni mazito kuliko mafuta. Huzama chini ya mafuta yale ya moto, yakageuka mvuke kwa ghafula, na mvuke huo huchukua nafasi kubwa mara 1,700 hivi kuliko maji yalivyokuwa. Mafuta hurushwa juu yakiwaka mpaka darini. Impasayo ni kuzima jiko kama aweza kulifikia, kufunika karai kwa kifuniko kikubwa au kwa kitambaa kilichoroweshwa na kukamuliwa, na kuliacha hivyo mpaka lipoe kabisa. Wengi hufunua mapema ili watazame, na moto huamka tena.

Gesi ya kupikia nayo imeingia katika nyumba nyingi. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni, na imetiwa harufu mbaya makusudi ili ijulikane ikivuja. Aisikiaye harufu hiyo usiku asiwashe taa wala asiizime, maana swichi hutoa cheche. Afungue milango na madirisha, afunge koki ya mtungi, awatoe watu nje. Na moto wa umeme usimwagiwe maji kabla swichi kubwa ya nyumba haijazimwa.

Chombo ambacho wanafunzi hukifurahia kuliko vyote ni kizimamoto, ule mtungi mwekundu utundikwao ukutani katika maofisi na mapetroli, ambao watu wengi huupita miaka mingi bila kuushika. Matumizi yake ni mepesi: kuvuta pini, kuelekeza mdomo wake kwenye shina la moto wala si kwenye ndimi zake, kubana mkono, na kupepesa kushoto na kulia. Jambo liwashangazalo wengi ni kwamba mtungi mdogo wa unga huisha kabla nusu dakika haijapita. Aliyeutumia kwa kuutazama moshi amekwisha kuupoteza. Kwa sababu hiyo hufundishwa pia kwamba mzimaji awe na mlango nyuma yake kila wakati, na mtungi ukiisha moto haujafa, atoke, afunge mlango, asirudi kwa ajili ya redio wala godoro. Moshi huua watu wengi kuliko miali, na atokaye katika moshi hana budi kutambaa, maana hewa njema hukaa chini.

Kuna na majeraha. Mtu aliyeungua amwagiwe maji baridi yasiyo barafu, polepole, kwa muda wa dakika 20. Katika nchi ambayo maji huchotwa mbali, neno hili ni gumu kusikika, na bila shaka wako watakaouliza maji hayo yatoke wapi. Lakini dumu moja lililotobolewa kifuniko, likamiminwa kidogo kidogo, laweza kutosha mkono wa mtoto. Samli, dawa ya meno na unga visipakwe. Hushika joto ndani na kumpa kazi daktari.

Hayo ni ya mjini. Malishoni moto una sura nyingine, na huko ndiko hasara yake hukaa muda mrefu. Tangu mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika kaskazini ya Kenya, na wafugaji wa Isiolo wajua idadi ya mifupa waliyoihesabu. Nyasi baada ya ukame kama ule ni mali. Lakini mvua ikinyesha vizuri, nyasi huota nyingi, kisha hukauka, na kiangazi kifuatacho makaa ya mrina asali au kipande cha sigara chatosha kuiteketeza akiba ya ng'ombe ya miezi mingi kwa alasiri moja.

Wazee wa ufugaji hawakuwa wajinga wa moto. Zamani Waborana walichoma nyasi kuukuu kwa kusudi, ili kupunguza vichaka na kupe. Walijua majira ya kuchoma, na walijua upepo. Mafunzo ya siku hizi hayaji kuifuta elimu hiyo, na mwalimu afanyaye kana kwamba haikuwako atasikilizwa na vijana tu.

Mzimaji wa moto wa nyasi hasimami mbele ya moto, mahali unapoelekea na upepo. Huanzia nyuma, penye mkia wake, akakanyaga palipokwisha kuungua, maana hapo moto hauwezi kumrudia, kisha hufuata mbavu zake mpaka kichwani. Tawi bichi hutumika kwa kuugandamiza moto. Apigaye kwa hasira hutawanya cheche na kuzaa mioto mitatu mahali pa mmoja. Wenzake hutangulia mbali wakafyeka ukanda mpana mpaka udongo uonekane, wakitumia panga, jembe na reki. Mmoja wao haachi kuutazama upepo na wenzake, wala hashiki tawi. Wafanyao kazi hii bila mtazamaji huzungukwa. Na yafaa ikumbukwe kwamba moto hupanda kilima mbio kuliko ushukavyo, ingawa binadamu ni kinyume chake.

Isiolo ina jambo ambalo miji mingi haina. Waborana wanao wazee wa dedha, waamuao malisho yapi yaliwe wakati wa mvua, yapi wakati wa kiangazi, na yapi yawekwe akiba ya ukame. Watu ambao tayari hukutana na kusikizana juu ya nyasi waweza kuchagua vijana wa kufundishwa kuzilinda, na kukubaliana ukanda ufyekwe wapi kabla ya kiangazi. Mapatano hayo hayana budi kuwahusu Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru pia, maana moto hauulizi nyasi ni za nani.

Sheria haikunyamaza. Kanuni za mwaka 2007 za kupunguza hatari ya moto zinataka sehemu za kazi ziwe na vikundi vya watu waliofundishwa kuzima moto. Lakini kanuni hizo huangalia mahali penye mwajiri na waajiriwa. Mwenye kibanda cha sambusa hana mwajiri, wala mchunga mbuzi hana, nao ndio wakaao karibu na moto kila siku. Mafunzo ya mtaani ndiyo mlango wao wa pekee, na saa zake zapasa kupangwa kwa kufuata kazi zao. Darasa la saa nne asubuhi siku ya soko litajaa wanaume wasio na kazi, na mama wa sambusa hatakuwako.

Neno la mwisho la mafunzo hayo husahauliwa mara nyingi. Miali ikiisha, watu hushangilia wakaenda kulala. Lakini samadi kavu ya boma la ng'ombe huweza kushika moto chini chini bila kuonyesha mwali, ikafuka polepole, na upepo wa alfajiri ukaifufua. Basi kabla ya watu kutawanyika huchaguliwa wawili wenye koleo na ndoo ya maji, nao hukaa pale usiku kucha, wakichimba na kupapasa majivu kwa mgongo wa mkono mpaka yawe baridi.