KIDONGE CHA MAUMIVU: TUNAKITUMIA AU KINATUTUMIA?

(Mada iliyozungumzwa mbele ya vijana na wazazi, Kuruwitu)

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Allah (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. 

Tumezoea kila Ramadhani kuzungumzia unga, bangi na pombe, huku tukiwanyooshea vidole vijana wa maskani. Leo tuingie ndani ya nyumba zetu wenyewe. Tuangalie chini ya mto wa baba na ndani ya pochi ya mama. Kijana anayetumia unga tunamwita teja. Mzee asiyeweza kutoka nje mpaka ameze vidonge vinne tunamwita mgonjwa, na hatumuulizi kitu. Basi leo tuulizane, kwa wema.

MAUMIVU SI UONGO

Kwanza tuseme haki. Watu wa pwani hii wanaumwa kweli. Aliyekata mawe machimboni miaka ishirini, mgongo wake unajua. Aliyefanya kazi kwenye mkonge wa Vipingo, aliyevuta nyavu tangu ujana, mama aliyebeba madumu ya maji akiwa na mtoto mgongoni, wote hao hawajifanyi. Wako pia watoto wetu wenye seli mundu, ugonjwa ambao Kilifi tunaujua vizuri. Maumivu yakiwashika, nyumba nzima hailali. Na wako wenye saratani. Kuna wakati dawa kali, hata mofini, ndiyo inayowafaa hawa, na kuwanyima ni dhuluma. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kutafuta tiba. Kwa hivyo asitoke mtu hapa akaenda kumpokonya mamake dawa!

DAWA HAZIFANANI

Utasikia mtu anamwambia muuza dawa, "Nipe ya maumivu, ile kali." Ndugu yangu, ile kali ni ipi?

Kuna parasetamoli. Mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa siku, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Ikizidi, huliharibu ini. Na dawa nyingi za mafua zina parasetamoli hiyo hiyo ndani yake, kwa hivyo mtu huweza kuimeza mara mbili asijue.

Kuna ibuprofeni na diklofenaki. Hizi zinatuliza uvimbe, lakini ukizizoea miezi na miezi zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, kupandisha presha na kuumiza figo, hasa mwili ukiwa umepungukiwa na maji.

Kisha kuna dawa za jamii ya afyuni: kodeini, tramadoli na mofini. Hapa sikilizeni vizuri. Heroini, ule unga uliotumalizia vijana Malindi na Mombasa, hutengenezwa kutokana na mofini. Kodeini nayo ikifika kwenye ini, sehemu yake hugeuka mofini. Je, nasema anayemeza kodeini ya daktari ni sawa na mtumia unga? La hasha! Nasema ni ukoo mmoja, na watu wa ukoo mmoja hufanana tabia.

Tabia yenyewe ni hii: mwili huzoea. Kidonge kimoja kilichotosha mwaka jana, mwaka huu hakitoshi. Ukikikosa unatokwa na jasho, makamasi yanatiririka, tumbo linaharisha, usingizi unaruka na mwili mzima unauma. Maskani wanaiita arosto. Mzee wetu hajui kuwa ni arosto. Yeye anasema, "Mgongo umerudi," anameza vingine viwili, anapata nafuu, na anazidi kuamini kuwa hawezi kuishi bila hivyo.

Hata kichwa ni hivyo hivyo. Mwenye kuumwa na kichwa mara kwa mara akimeza dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kila mwezi, au zenye kodeini siku 10 au zaidi, dawa zenyewe huweza kuwa ndizo zinazomuumiza kichwa.

RAMADHANI NI KIOO

Kwa nini tunayasema haya mwezi huu? Kwa sababu kuanzia alfajiri hadi magharibi, zaidi ya saa kumi na tatu, kidonge hakiingii kinywani. Mwenye kukizoea atajiona. Ikifika alasiri ukawa unatetemeka, unatukana watoto, na unachowaza si tende wala uji bali kile kidonge, basi jiulize: kinachouma ni mgongo, au ni dawa inayojidai?

Hapo ndipo watu hukosea, kila mmoja kwa njia yake.

Wa kwanza husema, "Mwezi mtukufu huu, naacha leo leo." Nia nzuri, njia mbaya. Aliyetumia dawa hizi kwa muda mrefu hupunguza kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari. Kuacha ghafla kunamtesa, na mara nyingi kunamrudisha kwa pupa.

Wa pili hufidia. Akifuturu anameza ya asubuhi, ya mchana na ya jioni kwa pamoja. Hii ni hatari kubwa! Dawa za jamii ya afyuni zikizidi hupunguza pumzi mpaka mtu akalala asiamke, hasa zikichanganywa na dawa za usingizi. Tramadoli ikizidi huweza kuleta kifafa.

Wa tatu anameza diklofenaki wakati wa daku, tumbo tupu, kwa funda moja la maji, kisha anashinda juani. Figo zake zinalipa.

RUKHSA SI AIBU

Katika Suratul Baqarah, Mola wetu amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Mtoto mwenye seli mundu akikosa maji huweza kuamshiwa maumivu yake. Basi kabla ya kumsifu kwa kufunga, mpelekeni kwa daktari, kisha muulizeni shekhe. Anayekula kwa udhuru asichekwe.

TUFANYE NINI?

1. Chukua pakiti zote unazotumia, hata za kuazimwa kwa jirani, mwonyeshe daktari. Mwambie idadi ya kweli. Muulize saa za kumeza baina ya futari na daku.

2. Usiazime wala usiazimishe dawa ya maumivu.

3. Mgongo unaouma miaka na miaka unahitaji mazoezi ya viungo na kutembea zaidi kuliko kulala. Mwaka 2023 utafiti wa Australia juu ya maumivu mapya ya mgongo na shingo ulionyesha kuwa waliopewa dawa ya jamii ya afyuni hawakupata nafuu kuwashinda waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani.

4. Kijana unayekwenda kutafuta riziki Ghuba: tramadoli na kodeini ni dawa zinazodhibitiwa Falme za Kiarabu. Pakiti uliyofungiwa na mamako kwa mapenzi, bila kibali inaweza kukuingiza jela.

5. Aliyezama asifichwe. Mwaka 2015 hospitali ya serikali ya Malindi ilifungua kliniki ya methadoni kwa waliotekwa na heroini. Ikiwa hao wanatibiwa kama wagonjwa, mzee wetu wa vidonge ataona haya ya nini?

Ndugu zangu, wazee wa Kuruwitu walipoona samaki wanaisha, katikati ya miaka ya 2000, hawakufichana. Walikaa, wakaambiana ukweli, wakatenga kipande cha bahari kipumzike, na samaki wakarudi. Na sisi tukae hivyo hivyo majumbani mwetu. Leo baada ya futari, muulize mzee wako kwa adabu: "Baba, unameza vingapi?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Allah awaponye wagonjwa wetu na atutakabalie funga zetu. Wabillahi tawfiq.