Swali Lililofika Kijijini



Wahitimu wetu, najua wapo akina mjomba na shangazi humu wanaojiuliza shahada ya falsafa ya siasa itamsaidia nini kijana wao. Naomba niwajibu kwa jambo wanalolijua vizuri: ardhi.

Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu, Mali ya Taifa, akipinga ardhi kugeuzwa bidhaa ya kuuzwa na kununuliwa. Mtu ana haki ya kuilima, si kuihodhi. Wakati huohuo, kule Kenya, mpango wa Swynnerton wa 1954 ulikwisha kuanza kuwapa wakulima hatimiliki, kila mtu na shamba lake. Hapo mwanafalsafa Locke angetikisa kichwa kukubali, maana kwake aliyeitolea ardhi jasho ameifanya yake. Mwanafalsafa Rawls angetuuliza: je, ungeupenda mgawanyo huu kama hujui utazaliwa kwa mwenye shamba au kwa kibarua wake? Na Nozick, mwenzake wa Harvard, angeuliza kwanza mali hiyo ilipatikanaje. Mmewasoma wote, na mmegombana juu yao hadi usiku.

Mimi lakini moyo wangu unabaki Tanzania. Mwaka 1968, katika andiko lake Uhuru na Maendeleo, Mwalimu alisema watu hawawezi kulazimishwa kuingia vijiji vya ujamaa. Lazima wakubali wenyewe. Mwaka 1973 kuhamia vijijini kukawa amri. Mamilioni walihamishwa, na wapo walioziona nyumba zao zikibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Lengo lilikuwa lilelile: shule, zahanati, maji. Kilichobadilika ni jibu la swali moja, ambalo mwanafalsafa Mill alilishughulikia mwaka 1859: je, mtu mzima aweza kulazimishwa kwa faida yake mwenyewe? Nani alimuuliza ofisa tarafa swali hilo kabla hajapanda lori la kuwahamisha watu? Naamini kabisa kwamba lingeulizwa kwa sauti, katika kila wilaya, baadhi ya nyumba zile zingesalimika.

Miongoni mwenu wamo maofisa tarafa wa kesho, mawakili, waandishi, pengine wabunge. Mtaletewa migogoro ya wakulima na wafugaji, na kila upande utakuja na haki yake mkononi. Kabla hamjaamua, ielezeni hoja ya kila upande mpaka mwenyewe aseme: hapo umenielewa. Kazi hiyo tumeifanya pamoja darasani, na mmeiweza.