Nani Anamchangia Mgonjwa wa Akili?

Msikilizaji, tumezoea kuona kampuni zikichangisha fedha za matibabu. Mgodi wa Geita umekuwa ukipandisha watu Mlima Kilimanjaro tangu 2002 kuchangia vita dhidi ya UKIMWI. Mbio za Benki ya CRDB zimelipia upasuaji wa watoto pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Ni jambo jema sana. Mgonjwa wa akili je?

Twende Vingunguti, Dar es Salaam. Pale machinjioni watu wako kazini kabla hakujapambazuka: mchinjaji, mchuna ngozi, mama lishe na chai yake. Mmoja wao akikosa usingizi wiki nzima, akaanza kuongea peke yake, utasikia: amerogwa. Ndugu watauza hata kitanda wamlipe mganga, na Hospitali ya Muhimbili watafika mwisho kabisa, pesa zimekwisha.

Hili linamgusa mfanyabiashara pia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa sonona na wasiwasi huipotezea dunia siku bilioni 12 za kazi kila mwaka.

Kwa upande mwingine, wapo wanaosema matibabu ni wajibu wa serikali, na kwamba mchango wa siku moja haumfai anayehitaji vidonge kwa miaka. Wana hoja. Lakini kuna nauli ya kliniki, na kuna kibarua cha kumrejesha aliyepata nafuu. Hayo, kwa maoni yangu, yamo ndani ya uwezo wa mtaa.

Je, wewe mwenye bucha, duka au gereji, uko tayari kumpokea tena kazini aliyepata nafuu?