Gitaa Lisizibe Sauti ya Mama
(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Kisii na Nyamira)



Leo hatutazungumza juu ya mbolea wala daftari la akiba. Tutazungumza juu ya gitaa. Msicheke. Katika vikundi vyetu wimbo ndio unaofungua mkutano, na ndio unaowafundisha wale wasiojua kusoma. Sasa, wimbo ambao maneno yake hayasikiki utamfundisha nani?

Tulitembelea kikundi kimoja upande wa Nyamira. Mama mmoja mzee alikuwa ametunga wimbo juu ya mkopo uliomsumbua. Kijana wa gitaa alicharaza kwa nguvu zake zote, nasi tukaona midomo ya mama ikicheza tu. Tukamwambia, "Kijana, piga polepole." Kwa utii akapunguza mwendo. Waimbaji wakapotea, watu wakacheka, naye akaliweka gitaa chini. Mkutano uliofuata hakuja.

Kosa lilikuwa letu. Tulimkataza bila kumwonyesha. Kupunguza sauti si kupunguza mwendo. Basi, haya ndiyo ya kumwonyesha:

Kwanza, mkono ucheze kwenye kifundo, si kwenye kiwiko. Ulegee, kama unayekung'uta maji vidoleni. Mkono uliokakamaa hupiga kelele.

Pili, kile kipande cha plastiki cha kupigia kiwe chembamba. Kishikwe bila kukibana, na ncha ndogo tu itokeze. Bora zaidi, akiache, atumie nyama ya kidole gumba.

Tatu, asipige nyuzi zote sita kila mara. Mbili au tatu zinatosha mtu anapoimba peke yake. Kiitikio kikifika, aongeze.

Nne, apige karibu na shingo ya gitaa. Huko sauti ni laini. Karibu na pale nyuzi zinapofungwa sauti huwa kali.

Tano, mguu uhesabu mwendo uleule. Ajizoeze wimbo mmoja kwa nguvu, kisha kwa sauti ya chini, bila mguu kubadilika.

Asidhani huu ni unyonge. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, aliyerekodiwa wimbo wa "Masanga" mwaka 1952, alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, akajulikana Afrika nzima. George Mukabi, jirani yetu wa Uluhyani, naye alipiga hivyo hivyo. Na hapa kwetu tunayo obokano. Ina nyuzi nane na sauti nzito, lakini mpigaji wake huimba huku akipiga, kwa hiyo hujua kuyapisha maneno.

Tulimfuata yule kijana nyumbani, tukamwomba radhi, tukakaa naye chini ya mti na gitaa lake. Haikuchukua siku moja. Lakini mkutano wa tatu alirudi, akapiga kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza tukayasikia maneno ya mama. Alikuwa akiwaonya wenzake: usitie kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Wanawake wawili walibaki baada ya mkutano na karatasi zao mkononi, wakiomba wasomewe.

Je, katika kikundi chenu, ni maneno ya nani hayajasikika bado? Nendeni mkamwonyeshe kijana wenu, kwa upole.