Majina ya Watoto Wetu Si ya Kubandikwa Langoni
(Maneno tuliyowaambia wanachama katika mkutano wa tawi, Kangeta)



Leo hatusemi juu ya mishahara. Twasema juu ya faili za shule, kwa kuwa wazishikao ni sisi, makarani, wapishi na walinzi, na walioandikwa humo ni watoto wetu.

Mnajua mambo ya hapa. Mzazi avunaye miraa hulipa karo bei ikipanda. Bei ikianguka, karo husubiri. Basi karani mmoja wetu aliagizwa abandike langoni orodha ya wadaiwa, jina na shilingi. Kila apitaye akaisoma. Msichana mmoja hakurudi shuleni juma zima, na mamaye hakumlaumu mwalimu mkuu: alimlaumu karani. Tena orodha ya siku hizi haichaniki. Ikishapigwa picha kwa simu, imefika Maua kabla jua halijatua.

Ziko orodha mbaya kuliko hiyo. Februari 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliwaagiza makamishna wa kaunti wakusanye habari za watoto wa shule wenye virusi vya ukimwi, na za walezi wao. Watu wakaenda mahakamani, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaamua kwamba agizo lile lilivunja Katiba. Fikirini, ndugu: majina yale yangepita mikononi mwa nani, katika mji ambao kila mtu ni jamaa ya mwenzake?

Tangu 2019 iko Sheria ya Kulinda Data, yaani habari za mtu: jina, picha, ugonjwa, namba ya cheti cha kuzaliwa. Habari za mtoto zataka idhini ya mzazi au mlezi, na zitumiwe kwa faida ya mtoto. Si maneno ya karatasi tu. Mwaka 2023 shule moja ya Uthiru ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kwa hivyo karani akiagizwa kubandika, aombe agizo kwa maandishi, amwone katibu wa tawi kwanza. Deni aambiwe mzazi mwenyewe. Na wapishi, msikasirike: mtoto anayekula chakula mbali kwa ajili ya dawa asitajwe jikoni.

Barua ya kuomba kabati lenye kufuli iko kwa katibu. Anayetaka kutia sahihi aje kabla ya Ijumaa.