Chama cha Wavuvi na Samaki wa Ugenini

Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya chama cha wavuvi. Hatusemi wavuvi wa nyavu na mashua kubwa, bali wale wavuao kwa mshipi na ndoana, mtu na ufito wake, kwa kujipatia kitoweo na burudani pamoja.

Jambo hili tumeulizwa na vijana wa Ilula. Hao ni wakulima wa nyanya na vitunguu, nao huzuia maji ya vijito yawe malambo ya kumwagilia bustani wakati wa kiangazi. Wamesema, “Je, malambo haya hayawezi kutupa samaki pia? Nasi tukiunda chama, tukaleta samaki mkubwa wa kigeni, hodari wa kupigana na mshipi, hatutapata faida na sifa?” Swali hili ni jema, wala si la kucheka. Basi kabla ya kulijibu, na tutazame habari za wenzetu waliotutangulia.

Yuko samaki mmoja ambaye vyama vingi vya namna hii vimeundwa kwa ajili yake. Jina lake ni besi wa kinywa kikubwa, na kwao ni mito na maziwa ya Amerika ya Kaskazini. Rangi yake ni ya kijani, na ubavuni ana mstari mweusi utokao kichwani hata mkiani. Kinywa chake kikifumbwa, pembe ya taya hupita nyuma ya jicho. Hula samaki wadogo, vyura, wadudu na kamba wa maji baridi. Akinaswa huruka juu ya maji akitikisa kichwa ili aitupe ndoana, na hiyo ndiyo furaha ya mvuvi. Dume huchimba kiota kwa mkia wake penye maji haba. Jike akiisha kutaga, dume hubaki kulinda mayai na watoto. Kwa sababu hiyo, akipata mahali panapomfaa huongezeka upesi.

Mwaka 1932, siku za dhiki kubwa ya fedha duniani, kijana mmoja maskini wa Georgia, Marekani, jina lake George Perry, alivua besi mwenye uzito wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na kidogo. Samaki huyo alipimwa, kisha akapelekwa nyumbani, akapikwa, akaliwa na jamaa. Siku hizo samaki mkubwa alikuwa kwanza chakula, ndipo awe sifa.

Baadaye mambo yaligeuka. Mwaka 1967 mtu wa Alabama aitwaye Ray Scott, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza bima, aliwaita wavuvi waje washindane katika ziwa la Beaver, huko Arkansas. Wakaja watu 106. Kutokana na mashindano hayo kilizaliwa chama cha wavuvi wa besi, na matawi yake yakaenea mijini na mashambani. Mwanzoni shabaha ilikuwa kushindana tu. Lakini haukupita muda mrefu wakatambua kwamba mvuvi hana shindano pasipo samaki, na samaki hana uhai pasipo maji safi. Basi karibu na mwaka 1970 chama hicho kilifungua mashtaka zaidi ya 200 juu ya wenye viwanda waliomwaga taka mitoni. Na mwaka 1972 kilianza kuwafundisha washindani wasiwaue samaki, bali wawaweke hai katika tangi la maji ndani ya mashua, wapimwe, kisha warudishwe ziwani. Hapo mwaona ya kuwa chama kilichoanza kwa mchezo kilikuwa mlinzi wa maji.

Huo ni upande mmoja wa habari, nao ni mwema. Sasa tuutazame upande wa pili, maana besi hakubaki kwao.

Katika bonde la ufa la Kenya kuna ziwa Naivasha, ziwa la maji baridi lenye mafunjo na viboko wengi. Kabla ya watu kutia samaki wengine, ziwa hilo lilijulikana kuwa na aina moja tu ya samaki, naye alikuwa mdogo, asiyepita urefu wa kidole. Walowezi wa Kizungu waliokuwa na mashamba kandokando ya ziwa waliona ya kuwa maji mengi namna ile hayana samaki wa kuwafurahisha. Mwaka 1925 wakatiwa perege kutoka mto Athi. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1920 akaletwa besi. Hakushika vizuri mara ya kwanza, hata ikabidi watiwe wengine katika miaka ya 1940, na tena mwaka 1951. Wavuvi wa mshipi wakafurahi sana, wakawa wanakuja kuvua siku za mapumziko. Uvuvi wa nyavu kwa biashara haukufunguliwa mpaka mwaka 1959. Kwa miaka mingi, basi, samaki wa ziwa lile walikuwa mchezo wa wachache.

Na yule mwenyeji mdogo, ilikuwaje? Alionekana mara ya mwisho mwaka 1962. Wataalamu wengi husema ya kuwa aliliwa na besi. Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Lakini katika ziwa Naivasha mgeni alikuja, na mwenyeji akatoweka.

Wala wageni hawakukoma hapo. Mwaka 1956 waliongezwa perege wa aina nyingine. Mwaka 1970 akaletwa kamba mwekundu wa Marekani, ambaye alizaana kwa wingi akala majani yaotayo chini ya maji, na majani hayo ndiyo yaliyokuwa maficho ya samaki wachanga. Kisha mwaka 2001 wavuvi wakaanza kumwona katika nyavu zao samaki mwingine aitwaye kapi. Huyo hakuletwa ziwani kwa shauri la mtu yeyote. Hudhaniwa kwamba mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibomoa kingo za mabwawa ya kufugia samaki huko juu, naye akashuka na mafuriko. Baada ya miaka michache kapi alikuwa amekuwa sehemu kubwa ya samaki wote wavuliwao pale. Mwaka huo huo wa 2001 serikali ilifunga uvuvi wa ziwa hilo kwa muda, kwa sababu samaki walikuwa wamepungua mno.

Hatusemi ya kuwa wageni hao hawakuleta faida yoyote. Watu wa Naivasha wamewala, wamewauza, na wamewasomesha watoto kwa fedha zao. Vivyo hivyo sangara aliyetiwa katika ziwa Victoria katika miaka ya 1950 aliwapa wengi kazi na mali, ingawa furu wa aina nyingi walipotea tangu alipoenea. Neno letu ni hili: mtu aweza kumtia samaki majini kwa mkono mmoja, lakini kumtoa hawezi hata akiwa na mikono elfu. Japani besi aliletwa mwaka 1925, tena mwaka 2009 mvuvi wa huko alimpata mmoja katika ziwa Biwa aliyelingana na yule wa George Perry. Juu ya hayo, Wajapani walikwisha kuweka sheria mwaka 2005 ya kumhesabu besi kuwa mharibifu, na kukataza kumfuga na kumsafirisha akiwa hai. Sheria ipo, na samaki bado yumo.

Sasa turudi Ilula. Maji yetu hayakai Ilula. Hushuka hata Ruaha Mkuu, yakapita bwawa la Kidatu, yakaingia Rufiji, yakafika baharini. Katika njia hiyo yote wako watu wavuao perege na kambale kwa chakula cha watoto wao. Masika ikijaza lambo hata kingo zikabomoka, samaki aliyekuwa wa chama cha Ilula huwa wa mto mzima. Je, tuliwauliza wenzetu wa huko chini?

Kwa hiyo jibu letu kwa vijana ni ndiyo, kisha ni hapana. Ndiyo, undeni chama. Hapana, msilete samaki wa ugenini.

Mkiunda chama, jambo la kwanza liwe maji. Sisi wakulima wa nyanya twajua sana bomba la kunyunyizia dawa. Twajua pia uvivu wa jioni, mtu akaliosha bomba lake kijitoni kwa sababu kijito ki karibu. Dawa iuayo wadudu wa nyanya huua pia wadudu waliwao na samaki, na mara nyingine samaki wenyewe. Chama na kichimbe shimo la kuoshea mabomba mbali na maji, na kila mwanachama alitumie.

Jambo la pili, ikomeshwe desturi ya kuvua kwa utupa na kwa sumu za dukani. Sumu haichagui mkubwa wala mdogo. Hutoa kitoweo cha siku moja na kuacha mto mtupu. Tena sheria ya nchi yaikataza.

Jambo la tatu, mkitaka kufuga, fugeni perege wa aina iliyomo tayari katika mito yetu, kwa shauri la bwana samaki wa wilaya. Lambo liwe na kingo imara, na wavu mahali maji yatokapo.

Jambo la nne, wekeni kipimo. Samaki asiyefikia kipimo arudishwe majini, na wakati wa kutaga waachwe wastarehe. Mkitaka kushindana, shindaneni: atakayevua mkubwa kuliko wote apewe jembe jipya, na jina lake liandikwe katika daftari la chama. Mchezo huo hautapungukiwa na raha kwa kuwa samaki ni perege wa kwetu.

Vijana wa Ilula, wale walioleta besi Naivasha hawakuwa watu wabaya. Walipenda kuvua kama mpendavyo ninyi, na ziwa waliliona kama mali yao. Hawakuwafikiri watakaokuja nyuma yao. Ninyi mmeuliza kabla ya kutenda, nasi twawashukuru kwa hilo.

Kwaherini, wasikilizaji, mpaka wakati mwingine.