Mnunuzi na Neno la Muuzaji

Ndugu Waislamu, mwendao sokoni Rumonge mwamwona mnunuzi akitazama rangi ya mawese, akiyanusa, akiwatia dagaa kiganjani apate kujua kama wamekauka au wana mchanga. Ndivyo akili iamrishavyo. Lakini jicho lina kikomo: maji yaliyochanganywa ndani ya debe, na dagaa wabichi waliofichwa chini ya fungu, havionekani. Hapo mnunuzi hanunui tena mafuta wala samaki. Hununua neno la muuzaji.

Mtume (S.A.W.) alipita penye fungu la chakula sokoni, akatia mkono, vidole vikapata unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamwuliza mbona kile kilicholowa hakukiweka juu watu wakione, kisha akatamka ya kuwa adanganyaye watu hayumo katika kundi lake. Na sharia ikampa mnunuzi hiari ya kurudisha kitu chenye aibu iliyofichwa.

Basi ajuaye aibu ya bidhaa yake na aiseme. Mjane atokaye Nyanza-Lac na faranga zake chache hana mizani nyingine ila uaminifu huo. Na akidanganywa mara moja, humkimbia hata muuzaji mwema.